Ripoti ya lab ya kuvuta chuma imenigomea kwenye matokeo, naombeni ushauri

kijana_wa_mech: Wakuu habari zenu. Nina ripoti ya testi ya kuvuta maildi stili (chuma chenye kaboni kidogo), ya kukusanya Ijumaa, utangulizi nshamaliza ila nikifika kwenye matokeo nakwama. Grafu ya stresi (nguvu kwa eneo) na streini (urefu ulioongezeka kwa urefu wa mwanzo) nimechora, slopu inanipa modulasi ya Young, yaani ukaidi wa chuma kuvutika, kama GPa 40 wakati vitabu vyote vinasema karibu 200. Yildi yenyewe (stresi ambayo chuma kikifika hakirudi tena urefu wake) imekuja vizuri tu, MPa 260 hivi. Hesabu nimezirudia ziko sawa. Wenzangu wa grupu wanasema tuandike "makosa ya kibinadamu" tusonge mbele, mimi roho inakataa. Nifanyeje?

fundi_vyuma: Usiandike hivyo dogo, hayo maneno hayaelezi chochote. Huo urefu ulioongezeka mlipima kwa ekstensomita, kile kifaa kinachofungwa kwenye chuma chenyewe, au mlichukua namba ya mashine inavyosogea?

kijana_wa_mech: Namba ya mashine kaka, ekstensomita hatukufungiwa.

fundi_vyuma: Basi jibu ndo hilo. Ile namba imebeba kila kitu, chuma kuvutika, taya za mashine zinazoshika chuma kuteleza kidogo, na fremu ya mashine nayo kupinda, kwahiyo streini inatoka kubwa kuliko ilivyo na slopu inalala. Nguvu inapimwa na lodi seli, kipima nguvu cha mashine, hayo hayaigusi, ndo maana yildi imetoka safi. Angalia mwanzo wa grafu, utaona kamkunjo kabla haijanyooka, pale taya zilikuwa zinakaza. Kaonyeshe kwa mshale kabisa. Aya hiyo moja ina uzito kuliko kurasa tano za nadharia ulizokopi.

binti_injinia: Naongezea, tafadhali sana usiguse data ili ifike 200. Halafu piga hesabu ya erori: kama kipenyo cha kipande cha chuma ni mm 10 na venia mliyopimia inakosea mm 0.05, hiyo ni asilimia 0.5, ila eneo linatokana na kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe, kwa hiyo inakuwa asilimia 1. Hapo msomaji anaona wazi kwamba kipenyo hakiwezi kuleta tofauti ya mara tano. Abstrakti iache mwisho kabisa.

kijana_wa_mech: Aisee asanteni sana, nimeelewa. Sasa kwenye hitimisho niweke 40 au 200?

fundi_vyuma: Weka 40, ndo mlichopima, pembeni weka ya kitabu na sababu ya tofauti, alafu pendekeza testi irudiwe na ekstensomita. Na yuniti zisikosekane kwenye mihimili yote miwili ya grafu.