MJADALA: Nani apitishe udongo wa barabara zetu, na anafika saiti kwa gari la nani?

Mwananzega:
Wakuu, salaam. Mvua zimeanza na lile swali la kila mwaka limerudi vijiweni. Barabara ya changarawe imemalizwa kiangazi, imepokewa, imelipwa, na kufika Januari kipande cha mbugani kimevimba na kukatika. Wapo wanaodai kila wilaya ya Tabora na Kigoma iwe na mhandisi wake wa udongo, mwenye shahada na usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), na tabaka lolote lisifunikwe bila saini yake. Wengine wanasema hayo ni mapambo, fundi sanifu wa maabara anatosha.

Tusichanganye mambo lakini. Huyu si yule wa kilimo anayekuambia tumbaku yako inahitaji mbolea gani. Kwake rutuba si sifa, na ile ardhi ya juu yenye mboji ndiyo ya kwanza kukwanguliwa. Anachotaka kujua ni udongo utabeba uzito kiasi gani ukishalowa. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Igunga kuelekea bonde la Wembere, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, ukinywa maji unavimba. Usipouondoa, au kuuchanganya na chokaa, au kuuinulia tuta la kutosha, hata rola lipite mara ngapi ni kazi bure.

Sifa za karatasi zinajulikana: shahada ya uhandisi ujenzi ya miaka 4, usajili wa mhandisi mhitimu, miaka 3 ya mafunzo kazini chini ya wahandisi wazoefu (mpango wa SEAP, ulioanza 2003), kisha usaili ndipo uitwe mhandisi mtaalamu. Sheria yenyewe ni ya 1997. Mimi naunga mkono usajili. Ila kuna swali naona linakwepwa: anakwenda saiti na gari la nani? Mikataba mingi inamtaka mkandarasi atoe gari, ofisi na maabara ya kutumiwa na upande unaomsimamia. Anayekaguliwa ndiye anayeshika funguo za gari la mkaguzi. Shahada itafanya nini hapo?

Fundi wa Kaliua:
Mkuu, gari baadaye. Tuanze na mkono. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, nina stashahada. Sampuli ya CBR, kile kipimo cha udongo utabeba uzito kiasi gani, inashindiliwa kwenye moldi ya chuma kwa nyundo ya kilo 4.5, matabaka 5, mapigo 62 kila tabaka, kisha inalowekwa siku 4 kabla ya kusukumwa na pistoni. Nani anapiga hayo mapigo na mgongo kuuma? Nani anaviringisha udongo kwa vidole juu ya kioo mpaka uwe uzi wa milimita 3, akiangalia unakatika ukiwa na unyevu gani? Udongo usio na mfinyanzi haukubali hata kuviringika, unakuvunjikia mkononi. Hiyo nimeijua kwa vidole. Halafu saini inatoka mjini, inasoma fomu, inagonga muhuri, inageuza kabla ya chakula cha mchana. Mnipe mimi saini.

Mstaafu wa Kasulu:
Fundi, heshima yako. Lakini wewe unapima kilicholetwa mezani. Nani aliamua kichimbwe wapi? Shimo moja la changarawe, upande huu linatoa daraja la G45, yaani CBR isiyopungua 45 baada ya kulowekwa, ukisogea kidogo au kushuka chini unakuta mfinyanzi mtupu. Lori halitofautishi. Kazi ya mhandisi ni kusema sampuli zitoke wapi, ngapi, kina gani, na majibu yakipingana aamue nini kijengwe. Na akikosea kwa uzembe, Bodi inaweza kumfuta, asiitwe mhandisi tena. Wewe ukifukuzwa leo, kesho unaajiriwa kwingine.

Fundi wa Kaliua:
Bodi inasajili mafundi sanifu pia, mzee wangu. Nifuteni na mimi basi.

Mama Nguruka:
Samahani kaka zangu, mimi si wa fani. Kibao cha mradi huku kwetu kinaandika mkandarasi, msimamizi, hata gharama. Majibu ya huo udongo mbona hatuandikiwi? Tungejua tumuulize nani gari la nyanya likilala njiani.

Mkandarasi mdogo, Tabora:
Mnatusema kana kwamba sisi tunafurahia. Greda la kukodi linahesabu siku hata likilala. Nimemaliza tabaka, nataka lipimwe kama limefika asilimia 95 ya ushindiliaji, mpimaji hayupo. Akija, juu pamekauka na kupauka, anasema chimbua, mwagia, shindilia upya. Boza na dizeli ni juu yangu. Mimi ndiye wa kwanza kutaka mhandisi wa udongo awe wilayani. Na hilo gari mnalolipigia kelele limo kwenye bei ya zabuni, serikali imelilipia.

Mwananzega:
Imelilipia, lakini dereva ni wako na gereji ni yako. Siku ya kupima kipande kibovu ndiyo siku klachi inaleta shida. Sisemi wewe, nasema inatokea. Napendekeza hivi: fungu la gari na maabara litolewe kwenye mkataba liende moja kwa moja ofisi ya serikali. Mhandisi aliyesajiliwa asaini, na jina la fundi aliyepima liwe kwenye fomu hiyohiyo. Mama Nguruka naye abandikiwe majibu ofisi ya kijiji, kwa maneno mawili tu: limefaulu au limefeli, na kilomita ngapi.

Mstaafu wa Kasulu:
Jina la fundi nakubali. Ofisi ya kijiji nakubali. Gari sikubali hata kidogo. Mimi nimekaa huko ndani. Ofisi ikipewa gari la vipimo, Julai litakuwa saiti, Septemba litakuwa linabeba wageni wa semina, na mpimaji ataambiwa asubiri. Gari la mkandarasi angalau limefungwa na mkataba, lisipokuja unamwandikia barua. Bosi wako utamwandikia barua gani?

Fundi wa Kaliua:
Bora libebe wageni kuliko niwe na deni la lifti kwa ninayempima. Mimi nitakodi bodaboda. Ile fimbo ya DCP, ya kupigiliwa ardhini kupima ugumu wa tabaka palepale saiti, na nyundo yake ya kilo 8 inafungika vizuri tu kwenye keria. Nani atarudisha nauli ndilo swali, na hapo wahandisi wote mmenyamaza.