Je, mkataba wa matengenezo ya lifti humwondolea mmiliki wajibu?

Swali: Wakuu, nasimamia jengo lenye lifti na ngazi za umeme. Mwenye jengo anashikilia kwamba, maadamu fundi huja kila mwezi, yeye hana jukumu jingine kisheria. Je, ni kweli?

Jibu la kwanza: La hasha. Mkataba humkabidhi fundi kazi, haumvui mmiliki wajibu. Aidha, matengenezo si ukaguzi: fundi hapaswi kuwa mkaguzi wa kazi yake mwenyewe. Nchini Uingereza, kwa mfano, kanuni za mwaka 1998 zinataka lifti ya kubeba watu kazini ikaguliwe kwa kina angalau kila baada ya miezi 6, au kwa mpango uliowekwa na mtaalamu, na ripoti itolewe kwa maandishi; kasoro ya hatari ikionekana, lifti haitumiki hadi irekebishwe.

Jibu la pili: Naongezea ngazi za umeme, ambazo wengi huzisahau. Tazama upenyo kati ya kidato na ukuta wa pembeni, maana ndipo viatu laini na vidole vya watoto hunaswa, kisha uangalie kama meno ya bamba la mwisho, yaani pale vidato vinapoingia chini ya sakafu, yamevunjika. Vitufe vya kusimamisha dharura viwe vinafanya kazi.

Muulizaji: Ahsanteni. Na mtu akikwama ndani ya lifti, mlinzi anaruhusiwa kufungua mlango?

Jibu la kwanza: Asiguse kama hajafunzwa uokoaji huo. Lifti ikisimama katikati ya ghorofa, anayetoka anaweza kutumbukia shimoni.