Usambara na Uluguru: mgongano wa mabara au mipasuko ya ardhi?

MwalimuKorogwe aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nafundisha jiografia katika shule ya sekondari, na wanafunzi wangu wameniuliza jambo ambalo nataka kulijibu kwa uhakika. Vitabu vyetu vinaiweka milima ya Usambara, Uluguru na Ruwenzori katika kundi la milima iliyotokana na mipasuko ya ganda la dunia: kipande kimoja kilipanda na cha jirani kikashuka. Lakini maandishi ya wanajiolojia yanasema miamba ya Usambara ni miamba geu iliyoundwa zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, mabara yalipogongana, na kwamba ni sehemu ya ukanda mrefu ambao mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes aliuita Ukanda wa Msumbiji. Kama milima iliinuka wakati ule, mvua na mito ilipaswa kuimaliza zamani sana. Kama iliinuliwa na mipasuko ya baadaye, mgongano wa mabara unaingiaje hapa? Na mtu anajuaje kwamba jiwe fulani liliwahi kuwa kilometa kadhaa chini ya ardhi?

GanetiNyekundu alijibu:

Mwalimu, maelezo yote mawili ni sahihi, kwa sababu moja linahusu umri wa mwamba na la pili linahusu umri wa mwinuko. Milima iliyojengwa wakati ule haipo tena. Tunachokikanyaga Lushoto ni mwamba uliokuwa chini kabisa ya milima hiyo.

Ukipanda kutoka Mombo kuelekea Soni, tazama mahali ambapo barabara imekata mlima. Utaona naisi, aina ya mwamba geu, yenye mistari myeupe na myeusi inayopishana, na ndani yake punje nyekundu za madini ya ganeti, nyingine ndogo kama mtama. Punje hizo ndizo kipimo chetu. Ganeti inapokua kando ya madini mengine, piroksini na feldspa, elementi kama chuma, magnesi na kalisi hugawanyika kati ya madini hayo kwa uwiano unaotegemea joto na mgandamizo wa mahali hapo. Mtafiti hukata jiwe na kulisaga mpaka libaki na unene wa milimita 0.03, kiasi cha kupitisha mwanga, akalichunguza kwa hadubini, kisha akapima elementi katika kila punje kwa mashine inayotumia miali ya elektroni. Kwa miamba ya Pare, Usambara, Ukaguru na Uluguru, hesabu hizo hutoa joto la takriban nyuzi 800 za Selsiasi na mgandamizo wa karibu gigapaskali 1, yaani uzito wa mwamba wenye unene wa kilometa 35 hivi. Hakuna njia ya kupata namba hizo karibu na uso wa ardhi.

Umri hupatikana kwa zirkoni, madini mengine yanayokutwa kama punje ndogo ndani ya miamba hii. Punje ya zirkoni inapokua hupokea urani na kuikataa metali ya risasi, kwa hiyo karibu risasi yote inayokutwa humo baadaye imetokana na kuoza kwa urani, yaani kugeuka kwake polepole kuwa risasi, na kasi ya kuoza huko inajulikana vizuri: nusu ya urani-238 huisha kwa miaka bilioni 4.47. Punje moja inaweza kuwa na kiini cha zamani sana na tabaka la nje lililoota wakati mwamba ulipopata joto kali. Katika milima niliyoitaja, joto hilo kali limepimwa kuwa la takriban miaka milioni 640 iliyopita.

Tena, chini ya Usambara leo bado kuna ganda la dunia lenye unene wa kawaida. Ikiwa mwamba ulio juu sasa ulikuwa kilometa 35 chini, basi inaelekea unene wote wakati ule ulikaribia kilometa 70, kama ilivyo Tibet leo, ambako India bado inaisukuma Asia.

MkaziWaMariakani alijibu:

Naongeza ushahidi wa upande wa Kenya, kwa sababu unajibu moja kwa moja hoja ya mwalimu kuhusu mvua na mito. Ukitoka Voi kwenda Mombasa, unaanza juu ya naisi za ukanda huohuo, zile za Taita. Ukifika Taru unakuta mawe ya mchanga yaliyolala juu ya naisi, na kadiri unavyokaribia Mariakani na Mazeras mawe ya mchanga yanazidi kuwa machanga kwa umri; haya ya Mazeras ndiyo watu wanayotandaza uani na kupamba kuta. Yale ya Taru yalianza kutuama takriban miaka milioni 300 iliyopita. Mchanga wa mito hauwezi kutuama juu ya naisi kama naisi hiyo bado iko kilometa 35 chini. Kwa hiyo kufikia wakati huo milima ya kale ilikuwa imekwisha kuondolewa, na mwamba wa chini ulikuwa umefika juu.

Gawanya kilometa 35 kwa miaka milioni 340 na utapata wastani wa milimita 0.1 kwa mwaka. Ni kiasi ambacho mito inaweza kukifanya bila shida, ingawa haikufanya kazi peke yake: ganda lililonenepa kupita kiasi hutanuka na kusambaa pembeni kwa uzito wake lenyewe.

Mipasuko ilikuja baada ya hapo. Ilianza wakati Gondwana, bara kuu la kale, ilipokuwa ikigawanyika, na mingine ilifufuka katika zama za Bonde la Ufa. Bonde la Lwengera, linalotenganisha Usambara Mashariki na Magharibi, na lile la Mkomazi, linaloitenga Usambara na Pare, yanaonyesha wazi jinsi vipande vilivyoachana.

HadubiniYangu alijibu:

Ninakubaliana na waliotangulia, ila suala la mgongano lisichukuliwe kuwa limefungwa. Mwaka 1998 Peter Appel, Andreas Möller na Volker Schenk walichapisha utafiti kuhusu granuliti (miamba geu iliyopata joto kali sana) za mashariki mwa Tanzania, na hoja yao ilijengwa juu ya kitu kidogo sana: pete nyembamba za ganeti zilizoota kuizunguka piroksini. Pete kama hizo huota mwamba unapopoa ukiwa bado uko chini. Mwamba uliopandishwa haraka baada ya mgongano ungepungukiwa na mgandamizo ukiwa bado wa moto, na hapo ganeti ingelika badala ya kuota. Kwa sababu hiyo walisema joto la miaka milioni 640 lilitokana na magma iliyojikusanya chini ya ganda la dunia, na si mgongano wa mabara wenyewe. Ikiwa ni hivyo, hata hesabu ya kilometa 70 inabidi iangaliwe upya. Katika sehemu za magharibi za ukanda, umri unaopatikana ni wa takriban miaka milioni 550, na huko ushahidi wa mgongano una nguvu zaidi. Mimi naona tukio moja halitoshi kueleza yote haya. Ukanda huu ulijengwa kwa awamu.

Namheshimu sana Holmes kwa jambo hili. Alifika Msumbiji mwaka 1911 akitafuta madini, na alipoutaja ukanda huu katika maandishi ya mwaka 1951 hakuwa na mashine tulizo nazo. Alifuata mwelekeo wa mikunjo kwenye ramani, akaona ile ya kaskazini-kusini inavyoikata ile ya zamani ya katikati ya Tanganyika.

MwalimuKorogwe:

Nawashukuru nyote. Swali la mwisho: mwanafunzi akiandika katika mtihani kwamba Usambara ni milima ya mipasuko, nimpe alama zote?

GanetiNyekundu:

Mpe zote, kwa kuwa swali la mtihani linahusu mwinuko. Darasani, hata hivyo, wapeleke penye mwamba uliokatwa wakaone mistari ya naisi. Wengi hudhani ni matabaka ya mashapo. Waonyeshe mahali ambapo mistari imejikunja yenyewe kwa yenyewe ndani ya upana wa kiganja, bila kuvunjika, na uwaulize ni joto la namna gani linaloweza kulifanya jiwe gumu likunjike hivyo.