Makaburi ya City Park, Nairobi: tuyaache au tuyafukue?

Makaburi ya Lang'ata yalitangazwa kujaa tangu miaka ya 1990, na bado jiji linazika pale pale. Ndiyo maana kila suala hili likizuka, hukosi mtu wa kusema makaburi ya zamani ya City Park, kule Parklands, yachimbwe upya, kwani wengi waliolala pale hawana tena jamaa wa kuwapalilia. Wengine, kwa nia njema kabisa, wanataka mifupa ya mashujaa ihamishiwe penye hadhi zaidi. Mimi napinga yote mawili.

Mkenya kwa kawaida hazikwi mjini, anarudishwa kwao. Kumbukeni kesi ya wakili S.M. Otieno. Alifariki Desemba 1986, na mjane wake Wambui, aliyetaka kumzika karibu na Nairobi, akavutana mahakamani na ukoo wa mumewe, Umira Kager, hadi Mei 1987, marehemu alipozikwa Nyalgunga, Siaya. Maisha yake ya Nairobi hayakutosha kuifanya Nairobi kwao.

Sasa Pio Gama Pinto angepelekwa wapi? Mgoa huyu, yaani mwenye asili ya Goa kule India, alizaliwa Nairobi 1927, akafungwa kizuizini na mkoloni kuanzia 1954, akarudi kuendeleza siasa na uandishi wa habari. Tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi mbele ya nyumba yake Westlands, bintiye mdogo akiwa ndani ya gari. Alizikwa City Park. Hakuwa na kijiji cha kurudishwa. Kwao ni hapa.

Rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache mwaka 1966, baba yake Mgoa na mama yake Mmaasai, alitaka alazwe karibu na Pinto. Alipofariki 1990 ikawa hivyo, na baadaye mkewe Sheila akalazwa kando yake. Ukimhamisha Pinto peke yake ili kumpa heshima, umeutengua wosia wa mwenzake. Na nyumba ya Murumbi ya Muthaiga tulishaibomoa. Jamani, hata kaburi?

Mnaosema ardhi haitoshi, ni kweli haitoshi. Lakini baraza la jiji lililipa shilingi milioni 283 kwa ekari 120 za makaburi mapya kule Mavoko, nje ya Nairobi, ardhi ya mawe isiyochimbika kaburi. Deni hilo wasibebeshwe wafu wa Parklands.

Wala sisemi paachwe magugu yatawale. City Park ilitangazwa turathi ya taifa 2009, na hata hivyo vipande vyake vimekuwa vikimezewa mate na wanyakuzi. Ninachotaka ni ua imara, njia za kupita, na orodha ya majina langoni, ya mashuhuri na ya wasiojulikana pamoja, ili mtoto wa shule ya Ngara au Pangani aweze kuingia na kusoma.

Anayetaka pafukuliwe atueleze: mifupa ya mtu ambaye kwao ni Nairobi ataipeleka kwao gani?