Nimekataa kuuza silabusi, sasa wanafunzi wananiogopa. Nifanyeje?

Asista_Lshi
Wakubwa na ndugu, hodi humu ndani. Mimi ni asistenti kwenye chuo kimoja hapa Lubumbashi, nafundisha takwimu mwaka wa kwanza. Oditwari inajaa mpaka wengine wanakaa madirishani, maikrofoni ilikufa zamani, umeme ukikatika projekta inabaki pambo. Hayo nimeyazoea, siwachoshi nayo.

Kinachoniumiza ni hiki. Mwaka huu niliamua nisiuze silabusi, yaani kijitabu cha notisi za kozi. Notisi zote nilimpa CP, kiongozi wa darasa, kwa PDF azitupe kwenye grupu la WhatsApp la promosheni, bure kabisa. Nikangoja shukrani. CP akanifuata nje na daftari lake: majina yote kayapanga kwa rula, na mbele ya kila jina kuna safu isiyo na kitu. Kwa heshima zote ananiuliza, "Asista, listi ya waliolipa tukuletee lini?" Nikamwambia mwaka huu hakuna listi. Akanyamaza, kisha: "Sasa wakati wa kusahihisha utatujulia wapi?"

Kumbe kwao ile pesa ilikuwa bima! Sasa eti mimi ni mkali, nataka wote waangukie sesheni ya pili, mitihani ya marudio. Nasikia kuna wanaochanga "ya heshima" waniletee. Wenzangu nao wananinunia, mmoja kanisema naharibu soko. Na mimi sijaingia kwenye mshahara wa serikali, naishi kwa primu tu, yaani posho, na mwenye nyumba wangu hapokei PDF. Nirudi kuuza au nikaze?

Mzee_Ruashi
Uza, mwanangu. Hata karatasi hainunuliwi kwa msimamo.

Yaya_Katuba
Mdogo wangu, hao watoto hawana wazimu. Mimi nilisoma ule mfumo wa zamani, graduat, shahada ya kwanza, miaka 3 halafu licence miaka 2 juu yake, na kozi ambayo hukununua silabusi yake ulikuwa unaiombea usiku. Hofu yao ina sababu. Umewanyang'anya kitu walichokuwa wanakishika, na hujawapa kingine mkononi. Fanya interro, jaribio fupi, mapema, rudisha karatasi, kila mmoja ahesabu pointi zake mwenyewe. Anayejua ana 11 kwa 20 na kaipatia wapi hatakutafutia bahasha.

Asista_Lshi
Yaya, nimekusikia, lakini hao ni zaidi ya mia mbili. Na kazi za nyumbani wananakiliana hadi kosa la kujumlisha: nikilikuta kwa mmoja, nalikuta kwa safu nzima.

CT_BelAir
Asista, nimekuwa kwenye kazi hii muda mrefu, nisikilize vizuri.

Ule mchango wa heshima uukatae mwenyewe, mbele ya oditwari nzima. Usipitishe ujumbe kwa CP. Silabusi zikiuzwa, mara nyingi CP ndiye anayekusanya, naye hakosi chake: nakala ya bure, au kitu kidogo. Wewe unaona safu tupu, yeye anaona kazi yake imekufa. Mwite pembeni kwanza, umsemeshe kama mtu mzima.

Kuhusu kunakiliana: kwenye LMD, mfumo mpya wa licence, master na doctorat, licence ni miaka 3 na krediti 180, yaani 60 kwa mwaka, na kazi binafsi ya mwanafunzi imo ndani ya hizo krediti. Kwa hiyo una haki ya kuwatoa nje. Wagawe vikundi vya watano watano. Hawa waende soko la Kenya, komini yetu ya hapa Lubumbashi, wale Katuba, wale Ruashi, waandike bei ya unga wa mahindi kwa wauzaji mbalimbali, kisha watafute wastani na mediani, ile bei ya katikati. Data zikitofautiana, atakayenakili atajianika mwenyewe. Na wewe unasahihisha arobaini na kitu badala ya mia mbili.

Wenzako usiwahubirie. Kila mtu ana watoto wa kulipia minervali, ada ya masomo.

L1_Kamalondo
Samahani wakubwa, mimi ni mwanafunzi, ila si wa Asista. PDF ya bure ni nzuri kwa mwenye simu nzuri. Yangu ina kioo kilichopasuka, na jedwali la takwimu linatoka dogo kama chungu. Megabaiti nazo! Karatasi naisomea popote, hata kwa mshumaa.

Yaya_Katuba
Umeona? Acha nakala moja kwa mtu wa fotokopi karibu na geti, kila mmoja amlipe yeye. Jina lako lisiwe kwenye daftari la mtu.

Mzee_Ruashi
Na mwenye fotokopi akuwekee kidogo 😄

Asista_Lshi
Papa, ndiyo hapo nitarudi nilikotoka! Fotokopi nakubali, hicho kidogo hapana. CP nitaongea naye kesho kabla ya kozi. Swali moja kwa CT: katika watano, akifanya mmoja tu na wanne wakaandikisha majina?

CT_BelAir
Usimngoje anayeinua mkono. Chagua jina lolote la kikundi, apande ubaoni aeleze mediani waliipataje. Pointi zake ndizo za kikundi kizima. Mara ya kwanza watakununia, mara ya pili utawakuta uani wanafundishana.