Sakafu ya mbao ya trela imeoza: nitumie mbao gani, na niifunge vipi?

Mkodisha Mahema, Kasarani

Hamjambo nyote. Nina trela ya magurudumu mawili inayovutwa na pikapu, na kazi yake ni kubeba mahema, viti vya plastiki na jenereta kwenda kwenye harusi na matanga. Sakafu ina urefu wa futi 10 na upana wa futi 5. Juzi, tulipokuwa tukishusha jenereta, gurudumu lake lilizama kwenye ubao wa tatu, na nilipozidunga mbao nyingine kwa bisibisi nikagundua kwamba kwa juu zinaonekana nzima, ilhali chini, hasa pale zinapolalia vyuma, zimelainika kabisa. Zina miaka mitatu tu. Fundi aliyeziweka alizipaka oili chafu na kunihakikishia kwamba hazitaoza.

Nataka kuibadilisha sakafu yote kabla ya mvua za vuli. Seremala mmoja wa Gikomba ananishauri nichukue mbao za saiprasi za inchi sita kwa mbili, naye mchomeleaji wangu anasema niachane na mbao, niweke bati zito la chuma la milimita 3. Anayeijua kazi hii anisaidie: nichague nini, na nifanye nini ili nisirudi hapa baada ya miaka mitatu mingine?

Dereva wa Ruai

Ndugu yangu, mimi niliweka chuma na sijajuta, lakini mimi hubeba mawe na kokoto. Kwa mahema singekushauri. Mvua ikinyesha bati huteleza, na jua la mchana hulipasha moto kiasi kwamba vijana wako watalalamika wakipandia bila viatu vizuri. Tena bati la milimita 3 likiwa na nafasi kubwa kati ya chuma na chuma hubonyea chini ya gurudumu la jenereta, na kila kibonyeo huwa kidimbwi.

Fundi Chesi, Kariobangi

Nimebadilisha sakafu za trela nyingi, na ningependa tuanze na chuma kabla ya mbao, kwa sababu maelezo yako yenyewe yanaonyesha chanzo cha tatizo. Ubao unaopigwa na mvua kisha ukapata upepo hukauka, lakini maji yanayojipenyeza kati ya ubao na chuma kinachoubeba hayana pa kutokea. Hukaa hapo kwa wiki kadhaa, kuvu hula ubao kutoka chini na kutu hula chuma kutoka juu. Ukiweka mbao mpya juu ya kutu ileile, hata ziwe za mvule, utakuwa umenunua muda mfupi tu.

Kwa hiyo, ng'oa mbao zote. Bolti zilizoshika kutu zikate kwa grainda, lakini kwanza tafuta nyaya za taa zilipopita, kwa kuwa mara nyingi hufungwa chini ya mbao na cheche huziunguza bila wewe kujua. Weka ndoo ya maji karibu, maana mbao iliyolowa oili hushika moto upesi. Kisha sugua kila chuma kwa brashi ya waya mpaka king'ae, kigonge kwa nyundo ndogo ukisikiliza, na palipoliwa pakatwe na kuchomelewa chuma kipya, si kubandikwa kiraka. Paka redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, mara mbili, ukae siku moja kati ya mkono wa kwanza na wa pili, halafu rangi ya juu. Pale waya wa ardhi unapofungwa kwenye fremu usipake kitu. Watu wengi hupaka trela vizuri kisha wanashangaa taa za nyuma haziwaki.

Kuhusu uzito, tusidanganyane. Bati la chuma la milimita 3 lina takriban kilo 23.5 kwa kila mita ya mraba, nayo sakafu yako ni mita za mraba 4.65, kwa hiyo ni kilo 110 hivi. Saiprasi kavu ya inchi mbili inakaribia uzito huohuo. Uamuzi basi usitokane na uzito, bali na mzigo, na kwa mzigo wako ningebaki na mbao.

Saiprasi inafaa, ila ichague mwenyewe. Kiini chake chenye rangi ya hudhurungi hustahimili kuoza kuliko sehemu nyeupe ya nje, kwa hiyo kataa ubao ulio mweupe upande mzima na wenye vifundo vikubwa katikati. Mkaratusi ni mgumu zaidi, lakini hujipinda na kupasuka ukikaushwa haraka. Jambo linalopuuzwa zaidi ni ukavu: mbao nyingi huuzwa zikiwa mbichi. Zipange kivulini juu ya vijiti, hewa ipite kati yake, kwa wiki kadhaa. Ukizifunga mbichi, zitasinyaa na bolti zote zitalegea.

Upana wako unahitaji mbao kumi, yaani futi 100. Acha nafasi ya milimita 5 kati ya ubao na ubao ili maji na mchanga vipite, na ubao wa mwisho utaupasua kidogo ili utoshe. Tumia bolti za milimita 10 zenye kichwa cha mviringo, zilizopakwa zinki, vichwa vizamishwe ili visichane mahema yako, na chini, kabla ya nati, uweke washa pana (kile kisahani cha chuma chenye tundu). Bolti mbili kila mwisho wa ubao, na moja moja kwenye vyuma vya katikati. Toboa vyuma vya kukingama peke yake. Usitoboe mihimili miwili mirefu, kwa sababu ndiyo inayobeba trela nzima.

Mama Bustani, Thika Road

Naunga mkono yote, ila naongeza kuhusu oili chafu. Hukaa juu juu, husombwa na mvua hadi ardhini, na kwa mtu wa mahema meupe ni hasara, kwa sababu doa lake halitoki. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa ni bora zaidi, yapakwe pande zote nne na hasa kwenye ncha zilizokatwa, kwani ncha hunyonya maji kuliko uso wa ubao. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yatandazwe nje yakauke. Yakirundikwa yanaweza kuwaka yenyewe.

Mkodisha Mahema, Kasarani

Asanteni sana. Nimeng'oa mbao jana, na vyuma viwili vya kukingama vimeliwa mpaka vimetoboka, kama Fundi alivyosema. Swali moja limebaki: yadi moja ina mbao za rangi ya kijani zilizotiwa dawa. Je, zinafaa?

Fundi Chesi, Kariobangi

Zinafaa, na hudumu, mradi uzishughulikie kwa uangalifu. Dawa hiyo kwa kawaida huwa na shaba, na mara nyingi kromiamu na aseniki pia, kwa hiyo vaa barakoa unapokata, na vipande vinavyobaki visiende kwenye jiko la nyumbani hata kidogo. Kila unapokata au kutoboa unafungua mbao ambayo huenda dawa haikuifikia, basi paka dawa ya shaba hapo kabla ya kufunga. Vilevile shaba hiyo hula zinki nyembamba ya bolti za kawaida, hivyo utahitaji bolti zilizochovywa kwenye zinki moto, ambazo utazitambua kwa uso wake mzito usiong'aa sana. Trela ikipumzika, inua mbele kwa tofali moja ili maji yaelekee nyuma, na baada ya mwezi wa kwanza rudi na spana ukaze nati zote.