Mjadala: Mtoto wa miaka minne afundishwe kusoma, au aachwe acheze?

Mleta mada, Tanga
Wadau, juzi saa tatu usiku nimemkuta binti yangu wa miaka minne na nusu amelalia daftari, penseli bado imo kiganjani. Kazi ya nyumbani ilikuwa kujaza kurasa mbili za herufi "e". Mstari wa kwanza zimekaa vizuri, wa tatu zimekuwa konokono, wa tano karatasi imetoboka. Kesho yake karudi na alama ya kosa ya wino mwekundu.

Naleta hoja hii kwa sababu nimesoma utafiti wa Dale Farran na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani. Walifuatilia watoto 2,990 wa familia za kipato cha chini jimboni Tennessee. Waombaji wa shule za awali za serikali walizidi nafasi, wakapangwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo waliopata na waliokosa walikuwa watoto wa aina moja. Mwaka wa awali ulipoisha, waliosoma walikuwa mbele. Haikuchukua muda wakafikiwa. Matokeo ya 2022 yakaonesha kuwa kufika darasa la sita walikuwa nyuma ya wale waliokosa nafasi, na wakiandikiwa makosa mengi zaidi ya nidhamu.

Farran ameitumikia elimu ya awali miaka mingi, na matokeo hayo hakuyaficha. Alihoji kwa nini watoto wa maskini ndio wanaokalishwa wakaririshwe herufi, wakati wenye uwezo hawawachagulii watoto wao shule za namna hiyo. Mimi hapo ndipo naposimama. Chekechea naitaka. Hii ya kukesha na "e" siitaki.

Mzazi, Mbagala
Mkuu, huku kwetu kuna intavyuu ya kuingia darasa la kwanza, hasa hizi shule za kulipia. Mwanangu wa kwanza alikwama kwa sababu hakujua kuandika jina lake. Tukaambiwa arudie mwaka, ada nikalipa mara mbili. Wa pili sikungoja: ana miaka mitano na anasoma gazeti. Tennessee siyo Mbagala.

Mwalimu wa awali, Morogoro
Mwongozo unasema watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Leo asubuhi nimehesabu 87, na mikeka miwili. Kona za kujifunzia, zile sehemu za darasa zenye vifaa vya kuchezea, nilifundishwa chuoni, nazijua. Lakini nikiwafungulia mlango wacheze, nusu watafika barabarani. Wakiimba a, e, i, o, u wanatulia, nami napata nafasi ya kumfuta kamasi yule wa mwisho. Mnaotulaumu mkae nasi japo wiki moja.

Mama, Kisauni
Mwalimu, pole sana, hakuna anayekulaumu. Ila huyo ndugu wa Mbagala nimjibu kwa mfano wa hapa hapa Mombasa. Miaka ya 80 Bi Swafiya Said alianza na wenzake chekechea za madrasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Mbinu walizitohoa kutoka HighScope, mpango wa watoto kujifunza kwa vitendo uliozaliwa Ypsilanti, Michigan, Marekani, wakazivisha dini na desturi zetu. Hapakuwa na vifaa vya dukani: vifuu vya nazi, vifuniko vya soda, ukili, kokoto. Mwanangu alipitia huko. Nilimwona akipanga vifuniko, vyekundu huku, vya buluu kule, kisha akabishana na mwenzake nani ana vingi. Wakahesabu kimoja kimoja mpaka wakakubaliana. Kama hiyo si hesabu, basi ni nini?

Watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg waliwapima watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar, wakachapisha mwaka 2008. Waliokwenda chekechea yoyote waliendelea kiakili kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa madrasa wakawazidi wa chekechea nyingine.

Mzazi, Mbagala
Dada, hilo la vifuniko limeniingia, sikatai. Lakini siku ya intavyuu mwalimu mkuu hamwulizi mtoto vifuniko. Mnaniambia nimtoe wangu kafara wakati mlango wenyewe haujabadilika?

Mleta mada, Tanga
Hapana, kaka. Nasema huo mlango ndio tuupigie kelele, kwenye vikao vya wazazi, sisi tunaolipa ada. Kumpima mtoto wa miaka mitano kwa kuandika jina ndiko kunakowafanya walimu wa chekechea wakimbizane na madaftari. Mwalimu wetu wa Morogoro anakaririsha kwa hofu ya hiyo intavyuu, siyo kwamba anaamini.

Mwalimu wa awali, Morogoro
Ni kweli, mimi mwenyewe siamini. Mama wa Kisauni, hivyo vifuniko vya watoto 87 nitavitoa wapi?

Mama, Kisauni
Kila mzazi alete kumi, mwanangu. Anza na watoto ishirini mkekani, waliobaki waendelee kuimba, na muombe mama mmoja akae mlangoni. Sisi tulikuwa tukipokezana zamu.

Mwalimu wa awali, Morogoro
Jumatatu najaribu. Nitarudi hapa kusema ilivyokwenda.